Injini ya Kupandikiza, Umeme wa Kubahatisha

Gari likikataa kuwaka moja kwa moja, fundi ana pa kuanzia. Atapima, atakuta panapokatika, atatengeneza. Kazi iko kwa lile linalozima kati ya Segese na Kakola saa nane mchana, abiria wakashuka, dereva akafungua boneti na kukuna kichwa, kisha baada ya nusu saa likawaka lenyewe. Ukilifikisha gereji linaunguruma vizuri. Fundi anakuuliza, "Sasa mzee, nitengeneze nini hapa?" Na ana haki ya kuuliza.

Kama gari hilo limebadilishwa injini, kazi inakuwa ngumu mara mbili, na huku kwetu magari ya namna hiyo ni mengi. Ukanda huu wa Kahama, Msalala na Geita unakula injini. Gari linabeba mifuko ya mawe kutoka duarani, yaani shimo la mgodi, hadi kwenye karasha la kusagia, kesho linabeba mapipa ya dizeli, keshokutwa linageuka mchomoko na kupakia watu kupita kiasi. Vumbi laini linapenya kwenye filta iliyochoka, na injini inakufa wakati bodi bado ina miaka yake. Mwenye gari anatafuta injini iliyotumika Japani, iwe Mwanza au kwenye maduka ya Gerezani na Shaurimoyo kule Dar es Salaam, inapandishwa kwenye fuso, inakuja kufungwa. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ugomvi wangu ni na mwisho wa kazi, pale injini imeshakaa kwenye maunti zake, mwenye gari anapiga simu kila saa, na umeme unaungwa harakaharaka ili gari litoke.

Niseme mapema ninachoamini. Kwenye gari la kupandikizwa injini, tatizo la umeme linalokuja na kupotea mara nyingi halimo ndani ya injini wala ndani ya kontroboksi, yaani kompyuta ya injini. Limo pale nyaya za injini ngeni zilipokutana na nyaya za gari, au pale ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, iliposahaulika. Hapo ndipo pa kuanzia, kabla hujatoa shilingi kununua sensa.

Kwanza ujue umepandikiza nini juu ya nini. Wenye Nadia na Vista wanaijua D4, teknolojia ambayo Toyota iliiingiza sokoni mwaka 1996, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa. Wengi waliichoka, wakaing'oa 3S-FSE na kuweka 3S-FE ya kawaida. Kwa macho, bloki ni ndugu moja. Kwa umeme ni watu wawili tofauti: nozeli za D4 zina kifaa chake cha kuziendesha, throto yake ina mota, na kontroboksi yake inategemea taarifa ambazo 3S-FE haina wa kuzitoa. Kwa hiyo kontroboksi inabadilishwa, mkungu wa nyaya unabadilishwa, na nyaya zilizokuwa za D4 zinabaki zimekatwa na kukunjwa chini ya dashibodi. Ncha hizo zikiachwa bila kuzibwa, ipo siku zitagusana na bodi.

Upande wa dizeli, wenye Prado na Surf za 1KZ-TE, ambayo pampu yake inaendeshwa na kompyuta, wanaweka 1HZ, 3L au 5L yenye pampu ya kawaida. Hapa umeme unapungua sana. Injini inahitaji stata, altaneta, plagi za kupasha, geji, na waya mmoja muhimu kuliko yote: ule wa valvu ya kukata mafuta iliyo kwenye pampu. Waya huo ukikosa umeme kwa sekunde moja, injini imezima. Ukiniambia dizeli yako ya pampu ya kawaida inazima ghafla kama iliyofungwa ufunguo, sitakuuliza habari za kompyuta. Nitaufuata waya huo kuanzia pampu hadi swichi ya ufunguo. Angalia pia volti. Baadhi ya 1HZ zilizotoka Japani zilikuwa kwenye magari ya volti 24, na ukiifunga kwenye gari la volti 12 bila kubadilisha stata, plagi na valvu hiyo, utapata valvu inayovuta kwa shida na kuachia inapotaka.

Kuna kundi la tatu ambalo huku hatuwezi kulipita: Land Cruiser iliyowahi kufanya kazi mgodini. Magari hayo hufungwa swichi kubwa ya kukata betri, taa ya kuzunguka juu ya kabini, king'ora cha kurudi nyuma, redio ya mawasiliano. Gari likitoka mgodini vitu vinang'olewa, nyaya zinabaki. Hiyo swichi kubwa, hasa, vumbi linaingia ndani yake na shaba inaungua, na gari linakosa umeme wote kwa kishindo kimoja cha barabara kisha linarudi. Ukimaliza injini, ukapima kila kitu na swichi hiyo hujaigusa, bado hujapima.

Sasa shika daftari. Mpe dereva kazi ya kuandika: lilizima likiwa baridi au limechemka? Baada ya shimo au kwenye tambarare? Mvua ilikuwa inanyesha, au amevuka dimbwi? Taa zilikuwa zimewaka? Na alitazama nini kwenye dashibodi sekunde ile? Swali hili la mwisho ndilo lenye majibu mengi, na madereva wengi hawalijibu kwa sababu macho yao yalikuwa barabarani, wala siwalaumu.

Gari likizima huku bado linatembea na gia imo, tazama mshale wa mizunguko ya injini. Kwenye petroli nyingi, mshale ukianguka sifuri papo hapo wakati gari bado linakimbia, umepotea moto wa plagi au sensa inayosoma mzunguko wa injini. Mshale ukishuka taratibu pamoja na mwendo, moto upo, tafuta mafuta. Kisha tazama taa. Taa ya betri na ya oili zikiwaka kama kawaida injini inapozima, umeme mkuu wa gari ni mzima. Dashibodi yote ikiwa giza, usifungue injini: nenda kwenye klempu za betri, fyuzi kubwa na swichi ya ufunguo. Na gari likizima kwa kukohoa na kuvutavuta kabla ya kufa, mara nyingi ni njaa ya petroli au dizeli, siyo nyaya.

Tuje kwenye ethi, maana ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Injini imekaa juu ya raba. Raba haipitishi umeme. Bila kebo nene inayotoka nguzo hasi ya betri kwenda kwenye bloki, na nyingine kutoka bloki kwenda kwenye bodi, umeme utatafuta njia ya kurudi kupitia kitu chochote cha chuma kinachogusa pande zote mbili. Nimeona kebo ya eksileta ikipata moto wakati wa kupiga stata, plastiki yake ikalainika na ikaanza kunasa, mwenye gari akidhani ana tatizo la throto. Ukiona umewasha taa kubwa na silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inashuka, au umewasha indiketa na mshale wa joto unacheza, umeshapewa jibu.

Mlio wa mita hautoshi kupima ethi. Kebo iliyobakiwa na nyuzi mbili tatu italia vizuri tu, lakini stata ikidai amperi mia na zaidi haitapitisha. Ipime ikiwa kazini. Weka mita kwenye volti za DC. Ncha nyeusi iguse nguzo hasi ya betri yenyewe, siyo klempu. Nyekundu iguse chuma kisafi cha bloki. Mwenzako apige stata. Ukisoma chini ya volti 0.2, ethi ya injini inafaa. Ukisoma 0.5 au zaidi, ubovu umeupata, hata kama stata inazunguka. Rudia kwa bodi, taa kubwa na feni zikiwa zimewashwa. Kisha gari likiwa linaunguruma pima nyaya za ethi za kontroboksi, na hapo usikubali zaidi ya 0.1. Kwenye Toyota nyingi nyaya hizo hutembea hadi kwenye injini na kufungwa kwa boliti kwenye inteki manifoldi. Wakati wa kubadilisha injini ndizo zinazosahaulika, au zinafungwa chini ya boliti yenye rangi na kutu. Piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu.

Ukinunua kebo mpya ya ethi, ikwangue kwa kisu. Siku hizi zipo kebo nyekundu nje na nyeupe ndani: ni alumini iliyopakwa shaba. Unene ule ule, kazi pungufu.

Baada ya ethi, viungio. Fungua tepu nyeusi, hata kama fundi aliyeifunga ni rafiki yako. Tepu ya kawaida ikikaa karibu na joto la injini gundi yake inayeyuka, inateleza, inaacha waya uchi. Ndani utakuta nyaya mbili zimesokotwa kwa mkono tu, shaba imegeuka nyeusi. Kiungio hicho kinapitisha umeme asubuhi. Mchana kikichemka shaba inatanuka, inalegea, gari linazima. Kikipoa kinarudi kushikana. Hiyo nusu saa ya kukaa chini ya mti ndiyo inayokitengeneza.

Jambo jingine ambalo nimelikuta kwenye magari ya huku ni waya wa nyumba, ule mgumu wa uzi mmoja. Ni shaba nzuri, ukutani hauna tatizo, lakini ndani ya gari linalotetemeka siku nzima unakatika ndani ya plastiki yake huku nje unaonekana mzima. Uvute taratibu kwa vidole: sehemu iliyokatika inarefuka na kuwa laini. Gari linataka waya wa nyuzi nyingi. Waya wa spika nao usiutumie kwa pampu ya mafuta wala feni, ni mwembamba mno. Kiungio kizuri kinabanwa kwa kibanio cha shaba au kinachomelewa kwa risasi, kinavalishwa mrija wa plastiki unaosinyaa kwa moto, kisha mkungu mzima unafungwa kwenye bodi usiweze kucheza. Waya uliochomelewa kwa risasi na kuachwa unaning'inia utakatika pale risasi inapoishia.

Umepima vyote, bado linazima? Hapa ndipo wengi wanaanza kununua. Leo koili, kesho sensa, Jumatatu kontroboksi ya mtumba kutoka Kahama. Subiri. Tega mtego kwanza.

Chukua balbu ndogo za dashibodi, zile za wati tatu au chini yake, mbili au tatu. Kila moja ipe ethi nzuri, na waya wake wa umeme uupitishe kwenye fyuzi ndogo. Ya kwanza iunge pale rilei kuu ya injini inapotoa umeme. Ya pili iunge kwenye waya wa pampu ya mafuta. Kwa dizeli, moja tu inatosha: iunge kwenye valvu ya kukata mafuta, pale pale inapoingia. Zipitishe hadi kabini, zibandike juu ya dashibodi, andika kila moja jina lake. Halafu endesha gari lako, beba mzigo wako, nenda zako Bulyanhulu na urudi. Siku litakapozima, dereva hana haja ya kuelewa umeme. Aseme tu ni balbu gani ilizimika. Ya rilei ikizimika pamoja na ya pampu, umeme haukufika au haukutoka kwenye rilei. Ya rilei ikibaki inawaka na ya pampu ikazimika, angalia rilei ya pampu. Lakini kumbuka kwamba kwenye Toyota nyingi za petroli rilei hiyo hushikiliwa wakati injini inazunguka tu, kwa hiyo dereva aseme pia nini kilitangulia kuzima, balbu au injini. Zote zikiwa bado zinawaka wakati injini inakufa, umeshaondoa nusu ya washukiwa bila kununua kitu: sasa fuata moto wa plagi na sensa ya mzunguko.

Sensa hiyo, na ile ignita inayowasha koili, zina tabia ya kufa zikichemka na kufufuka zikipoa. Gari likizima, loweka kitambaa kwa maji ya baridi, kamua, funika kifaa kimoja tu kwa dakika chache, jaribu kuwasha. Likiwaka, umemshika. Likigoma, poza kingine. Ukipoza vyote kwa pamoja hutajua ni kipi.

Kama ni fyuzi inayoungua mara moja kwa wiki, usiweke kubwa zaidi wala karatasi ya sigara. Toa fyuzi, na mahali pake unga balbu ya breki ya wati 21. Shoti ikitokea balbu inawaka kwa nguvu badala ya kitu kuungua, nawe unapata muda wa kutikisa mkungu wa nyaya hatua kwa hatua mpaka uone mwanga unabadilika. Hapo ulipo mkono wako ndipo palipochubuka. Anza sehemu tatu: nyaya zinapopita kwenye tundu la ukuta wa moto bila raba, zinapolala juu ya gia boksi, na karibu na bomba la moshi. Injini ya kupandikiza mara nyingi inakaa tofauti kidogo na ile ya mwanzo, na mkungu uliokuwa na nafasi yake sasa unasuguliwa. Panya nao tusiwasahau, hasa kwa magari yanayolala karibu na ghala la mahindi.

Kuhusu kupima kwa kompyuta nitasema machache. Magari mengi ya Japani ya miaka ya tisini yana soketi ya pini 16 lakini hayazungumzi na mashine ndogo za kawaida. Tumia waya mfupi: unganisha TE1 na E1 kwenye kisanduku cha ndani ya boneti, au pini ya 13 na ya 4 kwenye soketi ya chini ya dashibodi, washa ufunguo bila kupiga stata, uhesabu taa ya cheki injini inavyopepesa. Kwenye Toyota za mfumo huo, 12 na 13 zinahusu taarifa ya mzunguko wa injini, 14 inahusu ignita. Zipo namba zitakazokuja kwa sababu tu kifaa hicho hakipo kwenye injini yako mpya. Ziandike pembeni uzizoee. Na mwambie fundi asianze kazi kwa kuchomoa betri, kwa sababu kumbukumbu hiyo inafutika kabla hajaisoma.

Na kuchomoa betri injini ikiwa inaunguruma, "kupima kama altaneta inachaji," kukome. Volti zinaruka ghafla, na kinachoungua ni dayodi za altaneta au kontroboksi. Mita inatosha: betri iliyotulia ikiwa imejaa isome kama 12.6, gari likiwaka isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chaji inakuja na kukatika, tikisa ile soketi ya nyuma ya altaneta. Waya wa IG ukilegea, altaneta ya Toyota inalala. Mchomeleaji anapokuja kuunga chesi, chomoa klempu zote mbili za betri na soketi za kontroboksi kabla hajawasha mashine yake. Na kama pampu yako ya petroli imeungwa moja kwa moja kwenye ufunguo, rudisha rilei yake: gari likipinduka injini ikazima, pampu ya namna hiyo inaendelea kumwaga petroli.

Fundi akimaliza, usimlipe fedha ya mwisho kabla hajakuchorea karatasi moja: waya gani wa injini umeungwa na waya gani wa gari, rangi zake, rilei na fyuzi ziko wapi, ethi zimefungwa wapi. Haihitaji usomi wala vipimo. Siku gari litakapozima Geita, fundi wa kule hatapoteza siku nzima kufungua tepu. Kwenye karatasi hiyo iandikwe pia namba ya injini mpya, uilinganishe na kadi ya gari. Kama hazifanani, malizana na TRA kabla trafiki hajaziona.